Kupanda mikoko Lamu: mwongozo kwa anayeanza

Swali ni lile lile kila mwaka: "Tuna mbegu magunia manne, tuzipande wapi?" Hutoka Faza, hutoka Matondoni, na safari hii limetoka kwa vijana wa Kipungani waliokuwa wameshapakia mashua. Jibu langu huwaudhi wengi: mahali hutafutwa kwanza, mbegu baadaye. Nimeona niandike yote mara moja, kisha anayeuliza nimtumie hili.

Najua kwa sababu nami nilikosea. Mara yangu ya kwanza tulikuwa zaidi ya watu hamsini. Mfadhili alileta fulana na maji ya chupa, tukaonyeshwa uwanja mpana wa tope mbele ya mikoko, upande wa baharini, mahali pazuri pa picha. Tulichomeka mbegu asubuhi nzima mpaka maji yakatufukuza. Mwezi wa tatu nilirudi peke yangu kwa mtumbwi. Zilizosalia nilizihesabu kwa vidole, na hizo nazo zilikuwa zimevaa magamba, vile viumbe vidogo vya baharini vyenye ganda gumu vinavyojibandika, kama ngalawa iliyosahaulika majini. Tope lile halikuwa tupu kwa bahati mbaya. Bahari ilikuwa imeshakataa miti pale zamani, sisi tukaenda kubishana nayo.

Nadharia kidogo tu

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Tuna aina 9 nchini, na ukisema "mikoko" unazitaja zote, ingawa mkoko wenyewe ni aina moja, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mikoko si miti ya kukaa majini mchana kutwa. Huota sehemu ya juu ya pwani, ile inayofunikwa maji yakijaa na kubaki wazi kwa saa nyingi yakipwa. Mizizi yake hupumua hewa. Ukiizamisha muda mrefu mno, au ukiifukia kwa mchanga, mti hukosa pumzi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kwenye hori la Mwache (hori ni mkono wa bahari ulioingia bara), Mombasa, mizizi ikafukiwa na miti mizima ikafa imesimama.

Jambo la pili ni majira ya maji, nawe ukiwa mwana wa visiwani huenda unayajua kuliko mimi. Bamvua, yaani maji yanapojaa juu kabisa na kupwa chini kabisa, huja siku moja mbili baada ya mwezi kuandama, na tena baada ya mwezi mpevu. Siku hizo, kwetu, maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne au tano. Maji mafu, yanapojaa kidogo na kupwa kidogo, huja kwenye tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25 za mwezi wa Kiislamu. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50. Basi, hiyo ndiyo nadharia.

Vitu vya kuwa navyo

- Viatu vya kufunga. Si ndara! Tope huzivua, na chaza walioshika kwenye mizizi hukata nyayo kama wembe.
- Fimbo mbili ndefu za kupimia maji, zenye alama kila sentimita 10. Lazima ziwe mbili, utaona sababu.
- Kamba yenye fundo kila mita moja.
- Kijiti cha kutobolea tope, kinene kama kidole gumba.
- Vikapu vya ukili. Gunia la plastiki huchemsha mbegu juani.
- Mtumbwi, na mtu anayejua mikondo ya hapo.
- Daftari na kalamu ya risasi. Wino hufutika ukilowa, risasi haifutiki.
- Maji ya kunywa, zaidi ya unavyodhani.

Hatua ya 1: Uliza kwa nini hapana miti

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu. Kaa na wazee wawili watatu wanaovua pale, kila mmoja kwa wakati wake, uwaulize swali moja tu: hapa palikuwa na miti? Wakijibu kwamba tangu wazaliwe pamekuwa peupe, ondoka. Wakisema ilikuwapo, uliza ilikwendaje.

Kama ilikatwa, na maji bado yanaingia na kutoka kama zamani, tazama chini. Huenda miche ya asili imeshaanza. Piga miraba ya mita 2 kwa 2 kwa kamba yako sehemu kumi mbalimbali. Ukikuta karibu kila mraba una mche mzima au miwili, kazi yako si kupanda, ni kuzuia watu na mifugo wasiikanyage. Najua hilo halina picha nzuri. Lakini mbegu iliyojichagulia mahali ina akili kuliko mimi na wewe.

Kama miti ilikufa yenyewe, tafuta kilichoziba maji. Mara nyingi ni tuta la barabara, mchanga uliofunga mlango wa hori, au udongo uliomwagwa wakati wa ujenzi. Maji yaliyotuama huota chumvi kali jua likipiga, na hapo hata mchu, aina ya mikoko iliyo mvumilivu kuliko zote, hushindwa. Dawa yake ni jembe. Fuateni njia ya zamani ya maji, mzibue, msubiri mabamvua kadhaa. Mahali pengi mbegu zitakuja na maji zenyewe.

Na kama ni mmomonyoko, yaani bahari inakula ukingo na mizizi imebaki inaning'inia, mche mdogo hauwezi kuisimamisha. Usimwahidi mtu kwamba mikoko ya mwaka huu italinda nyumba yake mwaka ujao. Ukuta wa miti unaovunja mawimbi ni msitu mpana wa miaka mingi.

Hatua ya 2: Ruhusa

Mikoko ni msitu wa serikali, na imekuwa hivyo tangu tangazo la wakoloni la 1932. Msimamizi ni Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Ndani ya hifadhi ya bahari, kwa mfano Kiunga, kuna pia Huduma ya Wanyamapori (KWS). Nenda ofisini kabla ya kuzibua hori au kupanda. Zungumza vilevile na chama cha jamii cha msitu na kamati ya wavuvi, ile BMU ya bandari yenu, kwa sababu uwanja unaouona mtupu huenda ni mahali ambapo akina mama huchimba chambo, au njia ya madau maji yakijaa. Ukipanda njiani mwa watu, miche itang'olewa usiku na hutamjua aliyeing'oa.

Kupanda hakukupi haki ya kukata. Usafirishaji wa boriti za mikoko nje ya nchi ulipigwa marufuku 1982, na hata boriti ya nyumba yako mwenyewe inataka kibali.

Hatua ya 3: Pima kina cha maji

Hapa ndipo fimbo mbili zinapofanya kazi. Subiri siku ya bamvua, bahari ikiwa shwari, jioni maji yanapojaa na kusimama kabla ya kugeuka. Mtu mmoja akae na mtumbwi chini ya miti mizima iliyo jirani, mwingine asimame mahali mnapotaka kupanda. Piga simu, hesabuni moja mbili tatu, mpime kwa dakika ile ile. Maji yaliyotulia yako usawa mmoja, kwa hiyo tofauti ya kina ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi.

Chini ya miti mkipata sentimita 80, na uwanjani mwenu sentimita 90, sawa. Kikiwa sentimita 130, uwanja uko chini mno, acheni. Mimi hutumia kipimo cha shubiri: tofauti ikizidi shubiri moja, sipandi aina ile pale. Pimeni sehemu nyingi, kwa sababu tope huwa na mabonde usiyoyaona kwa macho.

Onyo: usipande kwenye majani ya bahari, yale wanayokula kasa na nguva. Hayo ni malisho na ni makao ya samaki. Kuyafunika kwa miche ni kubomoa nyumba moja ili kujenga nyingine ambayo haitasimama.

Hatua ya 4: Chagua aina kwa mahali

Iangalie miti iliyo karibu, uige mpangilio wake. Kwa kawaida mlilana hukaa mbele kabisa baharini, kisha mkoko, kisha muia na mkandaa, na mchu nyuma kwenye ardhi ya juu na ya chumvi. Mchu ni mjanja, wakati mwingine utaukuta mbele pia. Mkomafi, wenye tunda kubwa kama mpira, hupenda nyuma mahali palipo na maji baridi kidogo, yaani yasiyo ya chumvi.

Karibu kila kikundi hutaka mkoko tu. Naelewa sababu: mbegu yake ni kubwa, hupandwa kwa mkono mmoja, na ndio wenye boriti. Vyumba vya nyumba za kale za Mji wa Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, kwa hiyo mti huu tunauheshimu tangu mababu. Lakini mkoko uliopandwa kwenye makao ya mchu utakauka, na uliopandwa mbele ya mlilana utang'olewa na mawimbi.

Hatua ya 5: Okota mbegu

Tunachokiita mbegu ya mkoko ni mche tayari, uliochipuka ukiwa bado juu ya mti. Ni kijiti cha kijani chenye urefu wa sentimita 50 hadi 70. Mkandaa hutoa kijiti chembamba, kama nusu ya hicho.

Iliyokomaa utaijua kwa kola ya rangi ya manjano au nyeupe inayotokea kati ya tunda na kijiti. Ikiguswa huachia yenyewe. Ukilazimika kuvuta kwa nguvu, bado. Okoteni chini ya miti, au mtikise tawi kidogo, lakini msipande juu na kuvunja matawi. Na mchukue kutoka miti mingi, si mama mmoja.

Kabla ya kutia kapuni, kagua kila moja. Yenye tundu dogo imeshaingiwa na mdudu. Iliyovunjika ncha, iliyosinyaa, iliyolainika, zote tupa. Kisha ziweke kivulini siku tano hadi saba kabla ya kupanda. Watu hudhani ni uzembe, kumbe kaa hupenda mbegu mbichi yenye utomvu, na iliyokauka ngozi kidogo haimvutii sana. Kivulini, nasema, si juani.

Hatua ya 6: Kitalu, ikiwa kuna haja

Kwa mkoko na mkandaa, mara nyingi hakuna haja. Kwa mchu, mlilana na mkomafi, kitalu husaidia, na pia mahali penye kaa wengi. Jaza vifuko tope la pale pale mikokoni, vipange mahali ambapo maji ya bamvua huvifikia na kuondoka, uweke makuti juu kwa kivuli. Mbegu ya mchu loweka usiku mmoja, ganda libanduke, kisha ibonyeze juu ya tope bila kuifukia. Miche ikifika miezi kadhaa na shina kuwa gumu, punguza kivuli kidogo kidogo ili izoee jua. Siku ya kupanda, kila kifuko kivuliwe na kirudi nyumbani. Nimekuta vifuko vyeusi mamia vikielea mkondoni, na waliopanda walijiita watunza mazingira.

Hatua ya 7: Chagua siku

Sisi hupanda siku mbili tatu baada ya kilele cha bamvua, asubuhi maji yanapopwa. Tangu siku hiyo maji huendelea kupungua nguvu kuelekea maji mafu, miche ikapata zaidi ya wiki nzima ya kushika kabla ya bamvua jingine. Kwa sehemu za juu zinazokauka, ngoja mvua za masika zipunguze chumvi ardhini. Kwa sehemu zinazopigwa na upepo wa kusi moja kwa moja, subiri msimu wa upepo wa kaskazi. Ndani ya mahori yaliyojificha, kusi haina neno.

Hatua ya 8: Panda

Ingieni maji yakiwa bado yanatoka, mtoke yakianza kurudi. Asiwepo mtu wa kusema "tumalizie kapu hili." Tembeeni kwa kuburura miguu, samaki taa hujificha topeni na mwiba wake hausahauliki.

Nyosha kamba. Toboa tundu, chomeka mbegu ncha iliyochongoka ikiwa chini, theluthi moja ya urefu wake iingie, kisha bana tope pembeni kwa vidole. Ile ncha yenye kichipukizi kidogo hukaa juu. Usicheke, katika kila kundi la wageni kuna anayepanda kichwa chini. Usiipige kwa nguvu kama kigingi, na usiizamishe mpaka shingoni.

Nafasi ya mita 1 kwa 1 hutaka mbegu 10,000 kwa hekta, na ya mita 2 kwa 2 hutaka 2,500. Mahali palipotulia mimi huchagua mita moja na nusu. Kama mkondo una nguvu, panda mashada ya mbegu tatu tatu zilizokaribiana, hushikana.

Na acheni njia za maji wazi. Kila kijifereji mnachokiona topeni kina kazi yake. Kukijaza miche ili mstari unyooke ni kuziba koo la uwanja mzima.

Hatua ya 9: Hesabu

Hapa ndipo, kama wasemavyo, mkoko ndio kwanza ualike maua. Wengi hudhani kazi imekwisha kumbe haijaanza. Weka alama kwenye miche 100, uihesabu baada ya mwezi 1, wa 3, wa 6 na wa 12. Andika iliyo hai, iliyokufa, na kwa kila iliyokufa unachodhani kiliiua. Ikibaki chini ya nusu, usikimbilie kujazia. Rudi hatua ya 3 na fimbo zako.

Wanaoniuliza kuhusu pesa za kaboni, yaani malipo kwa hewa ya ukaa ambayo miti huifyonza na kuihifadhi, wakitaja Gazi kule Kwale, nawaambia wautazame mradi wa Mikoko Pamoja vizuri. Ulianza 2013 na una hekta 117, lakini 107 kati ya hizo ni msitu wa asili uliokuwapo, na 10 tu ndizo zilizopandwa. Kwanza walikuwa na msitu wa kulinda.

Mambo yakienda mrama

*Miche imepotea yote, hata kijiti hakuna.* Mawimbi au mkondo. Kama iliyo karibu na miti imebaki na ya mbele imekwenda, bahari imekuchorea mpaka. Panda nyuma ya mstari huo.

*Vijiti vipo, vimekatwa kwa mshazari au vimevutwa shimoni.* Kaa. Tumia mbegu zilizokaa kivulini zaidi, au miche ya kitalu yenye shina gumu.

*Magamba yameganda kwenye shina.* Maana yake mche unakaa majini muda mrefu mno. Unaweza kuyakwangua taratibu kwa mkono, ila yatarudi. Uwanja uko chini, hilo ndilo tatizo.

*Mwani umeizonga miche na kuilaza.* Uondoe kwa mkono kila bamvua likipita. Ikiwa ni kila wiki, huenda mahali pale maji hayatembei vizuri.

*Majani ya njano, mche haukui.* Angalia kama maji hubaki yametuama baada ya kupwa. Yakibaki, chimba kijifereji cha kuyatoa. Yasipobaki na ardhi ina unga mweupe wa chumvi, aina uliyochagua siyo, jaribu mchu.

*Kijiti ni kibichi lakini hakina majani.* Subiri. Mkoko hutanguliza mizizi, na wiki kadhaa zinaweza kupita kabla ya jani la kwanza. Usiung'oe kuangalia! Kuna kijana aling'oa safu nzima ili kunionyesha kwamba mizizi imeshatoka, na kweli ilikuwa imetoka.

*Mbuzi na ng'ombe wamekula.* Hupenda mchu kuliko aina nyingine. Ukuta wa matawi ya miba tulishaujaribu, mbuzi wakaanza na ukuta. Kilichofaa ni kwenda kwa wenye mifugo kabla ya kupanda, kukaa barazani, na kukubaliana njia watakayopitisha wanyama mpaka mchu uwazidi kimo. Tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza hatukuzungumza mbuzi kabisa.